Mbabe na Shujaa si Mamoja

Watu wa pwani siku hizi tumekuwa wengi Dodoma. Serikali iliamua mwaka 1973 kuyahamishia huku makao yake, na safari hiyo ilipokazwa tangu 2016, wengi wetu tukaifuata na watoto wetu. Jioni moja tulipita penye kibanda cha video mtaani, tukawakuta vijana wetu wamejazana wakitazama filamu ya Simba wa Jangwani, iliyotoka mwaka 1981, kisa cha mujahid Omar Mukhtar wa Libya. Tukafurahi. Mzee yule alikuwa ameketi na watoto wa chuoni akiwaeleza maana ya mizani. Mara kijana mmoja akapaza sauti: "Peleka mbele bwana, tufike kwenye mapigano!" Mwenye kibanda akapeleka mbele, na furaha yetu ikaishia hapo.

Aliyeigiza nafasi ya mzee yule ni Anthony Quinn, mzaliwa wa Mexico mwaka 1915, aliyefariki Marekani mwaka 2001. Hakuwa Mwislamu. Sura yake ilikuwa ngumu na sauti yake nzito, kwa hiyo miaka mingi alipewa nafasi za majambazi, wanamasumbwi na watu wa shari. Vijana humpenda kwa ubabe huo. Nasi tunawauliza: je, mmepata kumtazama sawasawa?

Mwaka 1954 alicheza katika filamu ya Kitaliani iitwayo La Strada. Humo ni mtu wa miraba minne anayekata mnyororo wa chuma kwa kutunisha kifua, watu wakampigia makofi na kumtupia senti. Ana msichana masikini aliyemchukua kwa mamake kwa fedha. Humpiga, humtukana, na mwisho humwacha njiani akiwa mgonjwa. Miaka ikapita, akasikia kwamba amekufa. Filamu inakwisha usiku ufukweni, mbabe kaanguka mchangani analia, wala hana wa kumwambia pole. Chuma kilimshinda nini? Hakikumshinda kitu. Kilichomshinda ni nafsi yake.

Sasa mrudieni Omar Mukhtar. Mtu ni yuleyule na kifua ni kilekile, lakini hapa ni mzee mwenye miwani, mwalimu wa Qur'ani, aliyepigana na Wataliani miaka ishirini, hata wakamnyonga tarehe 16 Septemba 1931, umri wake umepindukia sabini. Katika filamu hiyo anawazuia watu wake wasimuue ofisa kijana waliyemteka, ijapokuwa adui huwaua mateka wao. Anamwachilia aende zake. Penye kitanzi, miwani yake inaanguka na mtoto anaiokota. Kwa rai yetu, hiyo ndiyo kazi bora kabisa ya mchezaji yule, na ndani yake ngumi hazina nafasi kubwa. Mtume wetu (S.A.W.) alikwisha kutufunza kwamba mwenye nguvu ni yule anayeimiliki nafsi yake wakati wa ghadhabu, wala si mwangushaji wa watu. Kijana aliyesema "peleka mbele" aliiruka filamu yenyewe!

Wako wazee watakaosema: "Vunjeni vibanda, sinema zote ni upuuzi." Twawaheshimu. Hata filamu ya Ar-Risala ya mwaka 1976, ambamo Quinn huyu alikuwa Sayyidna Hamza, wanavyuoni walikhitilafiana juu yake, ijapokuwa Mtume hakuonyeshwa wala sauti yake haikusikika. Lakini wazee wetu, kijana hulijua jina la Omar Mukhtar kwa sababu kuna mtu aliyemwonyesha. Filamu ile ilitengenezwa kwa fedha za Libya, na fedha za Libya ndizo zilizojenga msikiti mkubwa wa Gaddafi hapa Dodoma, uliofunguliwa mwaka 2010. Serikali ya Italia iliogopa kioo kile, ikaizuia mwaka 1982.

Na sisi je? Abushiri bin Salim alinyongwa na Wajerumani Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Katika safari yake ya miaka ileile, 1889 hadi 1890, Mjerumani Carl Peters alipita nchi hii ya Wagogo akiua watu na kuchoma vijiji. Ni nyumba ngapi za Tanga, Mombasa au Unguja ambamo mtoto ameketishwa baada ya Isha akahadithiwa hayo? Tumewanyima mashujaa, kisha twawalaumu wakichukua wababe!

Basi nasaha yetu ni nyepesi. Baba, mwanao akiitazama filamu hiyo, keti naye. Ikifika darasa la mizani, mwambie atulie asikilize. Ikikwisha, mhadithie ya Pangani. Ukimwacha peke yake na mwenye kibanda, usishangae akikua na kifua cha kukatia minyororo, na pasiwe na mtu wa kumlilia.

Mwenyezi Mungu atuongoze sisi na vizazi vyetu. Amin.