Eti "ni konfigi tu"!

Wasomaji wangu, poleni kwa kimya cha karibu mwezi mzima. Sikuugua wala sikuhama Makadara. Nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira akikaribia tarakilishi huandika mambo ya kujutia baadaye. Sasa imepungua kiasi (haijaisha!), kwa hivyo leo nataka kugombana na wenzangu wote wa fani hii wanaopenda kutamka maneno haya matatu: ni konfigi tu.

Kwa nyinyi msioandika programu, nitaeleza kwa ufupi halafu tuendelee na ugomvi. Blokcheni ni daftari la hesabu linalotunzwa na tarakilishi nyingi kwa pamoja. Kila tarakilishi huitwa nodi, nayo ina nakala yake ya daftari. Kuna vitu viwili vinavyoiambia nodi la kufanya. Cha kwanza ni msimbo, yaani programu yenyewe. Cha pili ni faili ya usanidi, ile tunayoiita konfigi: maandishi ya kawaida tu ambayo hata wewe unaweza kuyafungua na kuyabadilisha. Ndani yake utakuta nambari ya mnyororo, mahali pa kuhifadhi data, kiasi cha kumbukumbu nodi inachoruhusiwa kutumia, na pia wakati ambapo sheria mpya za mnyororo zitaanza kufuatwa.

Msimbo hupitiwa na watu wawili watatu, hujaribiwa, hupewa nambari ya toleo. Konfigi je? Konfigi hutumwa kwa WhatsApp.

Sasa nisikilizeni yaliyotukuta mwaka 2023. Nilikuwa nimeajiriwa na kampuni ndogo (siitaji, na msiniulize kwa barua pepe) iliyokuwa ikiendesha mnyororo wa kibinafsi kwa ajili ya vyama vya akiba vya mitaa yetu hii. Nodi zilikuwa tano. Mbili zilikaa kwenye seva za kukodi, mbili ofisini, na ya tano ilikuwa chini ya meza katika saiba moja karibu na steji ya Hamza, kwa sababu mwenye saiba alikuwa na betri nzuri stima ikipotea. Wanachama walichanga kwa simu, na salio walilisoma kwa ile menyu ya kubonyeza nyota na nambari. Ili nodi nyingine zisilemewe, kazi ya kusoma salio tuliipa hiyo ya saiba. Kumbukeni jambo hilo.

Mwezi wa Mei mwaka huo lilitoka toleo la 0.8.20 la Solidity, lugha tunayoandikia mikataba ya blokcheni za jamii ya Ethereum. Kuanzia toleo hilo, mkataba uliotafsiriwa kwa mipangilio ya kawaida huwa na amri mpya iitwayo PUSH0, ambayo nodi huielewa tu kama imewashiwa sheria za sasisho la Shanghai. Nodi zote tano zilikuwa na programu mpya yenye uwezo huo. Kilichobaki ni mstari mmoja kwenye konfigi, wa kusema sheria hizo zianze lini. Mkubwa wetu akauandika, akatuma faili kwa kila mwenye nodi, akaenda kunywa chai.

Kijana wa saiba alikuwa amebadilisha nambari ya simu.

Jumatano wakati uliowekwa ukapita. Hakuna kilichotokea! Alhamisi, kimya. Ijumaa, kimya. Hakuna muamala uliokuwa umetumia amri ile mpya, kwa hivyo nodi nne zenye sheria mpya na moja yenye sheria za zamani zilikuwa zinakubaliana kwa kila kitu. Jumamosi asubuhi tukapandisha mkataba mpya. Nodi nne zikautekeleza. Ya tano ikakutana na amri isiyoijua, ikasema muamala umeshindwa, hesabu yake ikatofautiana na ya wenzake, ikaikataa bloku ile na ikakwama hapo. Mnyororo wetu wa nodi tano ulihitaji nne tu zikubaliane, kwa hivyo ukasonga mbele bila kulalamika. Na kifaa chetu cha kupima afya ya nodi kilikuwa kinauliza swali moja la kijinga: je, programu inaendelea? Ndiyo, inaendelea. Taa ya kijani.

Jumamosi alasiri chama kimoja cha akina mama wa Maringo kikakutana. Walikuwa wamechanga tangu asubuhi. Mhazini akabonyeza simu mbele ya wote, salio likatoka lilelile la Ijumaa. Akabonyeza tena. Lilelile. Wenzake wakaanza kutazamana. Alinipigia mwenyewe saa kumi na mbili jioni, kwa sababu aliwahi kuniona nikiwafundisha kutumia menyu. "Kijana wangu," akasema, "hawa watu wameshikilia mkoba wangu. Wanasema nimekula pesa. Mimi nimeuza mboga hapa tangu hujazaliwa, nimekula pesa ya nani?"

Usiku huo nilichukua faili tano za konfigi nikazipitisha kwenye hesabu ya hashi, ile inayotoa alama fupi ya kipekee kwa kila faili. Nne zilitoa alama moja. Moja ilitoa nyingine. Kazi ya dakika kumi! Dakika kumi ambazo hakuna mtu aliyezitumia Jumatano.

Jumatatu kikao kikaitishwa. Mkubwa wetu akasema msimbo hauna kosa lolote (kweli), kwamba ni konfigi tu, na kwamba kijana wa saiba afutwe. Nilibisha wakati ule na bado nabisha. Kijana yule hakupokea faili, na hakuna chombo chochote kati yetu kilichokuwa na uwezo wa kugundua hivyo. Tulijenga mfumo unaojisifu kwamba hakuna haja ya kumwamini mtu, halafu tukaufunga kwa uzi wa kumwamini mtu mmoja asome WhatsApp.

Mtaniambia: hiyo ni kampuni yenu ya vichochoroni, wakubwa hawafanyi hivyo. Wanafanya! Tarehe 24 Februari 2025 Ethereum walikuwa wakijaribu sasisho lao kubwa la Pectra kwenye Holesky, mtandao wao wa majaribio. Sasisho hilo lilibadilisha namna nodi zinavyosoma amana za wathibitishaji, hivi kwamba programu sasa ilihitaji kujua anwani ya mkataba wa amana. Anwani hiyo hukaa wapi? Kwenye usanidi wa mnyororo. Programu tatu, Geth, Nethermind na Besu, zilikuwa na anwani isiyo sahihi kwa Holesky. Msimbo wa kusoma amana ulikuwa sawa, ila ulielekezwa pasipofaa. Na kwa kuwa hizo tatu ndizo zilizokuwa nyingi, bloku mbovu ilikubaliwa na wengi huku nodi zilizokuwa sahihi zikiikataa. Mtandao ukakaa mpaka tarehe 10 Machi bila kufikia ukamilifu, yaani bila kuweza kutamka kwamba bloku fulani sasa haigeuki tena. Wiki mbili! Ilibidi waanzishe mtandao mwingine wa majaribio, Hoodi, kabla ya Pectra kufika kwenye mtandao mkuu tarehe 7 Mei.

Linganisheni na yetu. Kwetu nodi moja ilikosea na wengi wakawa sahihi. Kwao walio wengi ndio waliokosea. Kwa hivyo msinipe ule wimbo wa "nodi ni nyingi, kosa litajirekebisha." Nodi nyingi zikinakili faili moja mbovu ni sawa na shahidi mmoja mwongo aliyekuja na suti tofauti kila siku.

Na si jambo la jana. Machi 2013 Bitcoin yenyewe iligawanyika kuwa minyororo miwili kwa saa kadhaa. Toleo la 0.8 lilikuwa limebadilisha hifadhidata. Matoleo ya zamani yalikuwa na kikomo cha idadi ya kufuli za hifadhidata, mpangilio ambao hakuna aliyewahi kuuhesabu kuwa sheria ya Bitcoin. Bloku nambari 225,430 ikavuka kikomo hicho. Nodi mpya zikaipokea, za zamani zikashindwa. Wachimbaji wakubwa wakalazimika kurudi toleo la zamani ili mnyororo uwe mmoja tena. Mpangilio mdogo wa hifadhidata, kumbe ulikuwa sheria muda wote!

Basi shida iko wapi? Iko katika kuchanganya ndani ya faili moja vitu viwili visivyo ndugu. Fikirieni nganya za Jogoo Road. Rangi, muziki, taa, michoro ya wachezaji wa mpira, hayo ni ya mwenye gari. Akitaka kupaka picha ya marehemu babu yake, ruhusa. Lakini upande wa barabara wa kupitia si wake, ni wa kila mtu aliye barabarani. Mahali pa kuhifadhi data, kiasi cha kumbukumbu, mlango wa mawasiliano, hiyo ni rangi na muziki. Ibaki kwenye konfigi na kila mwenye nodi apange apendavyo. Wakati wa sheria kuanza, anwani za mikataba ya mfumo, ukubwa wa bloku, huo ni upande wa barabara. Huo uwe ndani ya msimbo, utoke na toleo lilelile, upitiwe na macho yaleyale, ujaribiwe kwa majaribio yaleyale. Nodi isikubali kuusoma kutoka kwenye faili iliyokaa chini ya meza Hamza.

Kuna wanaonipinga na hoja yao si ya kudharau. Wanasema ukiingiza sheria za mnyororo ndani ya programu, mwandishi wa programu anakuwa mfalme, na blokcheni ilikuja kuondoa wafalme. Naielewa. Lakini mwenye nodi bado ana uhuru wa kukataa toleo jipya. Akikataa, amekataa kwa macho wazi, kila mtu anaona yuko toleo gani na anaweza kumuuliza kwa nini. Kijana wa saiba hakukataa chochote. Hakuwa na maoni yoyote kuhusu Shanghai. Huwezi kuniambia kwamba mstari uliosahaulika ni demokrasia.

Wengine wanasema nodi zenyewe husalimiana na kutajiana sheria zinazozijua. Ni kweli, tangu pendekezo la EIP-2124 la mwaka 2019 nodi za Ethereum hufanya hivyo. Ila salamu hiyo hutaja mabadiliko ya sheria na wakati wake, haitaji anwani ya mkataba, kwa hivyo kosa la Holesky lingepita hapo likipunga mkono. Tena salamu hutolewa mwanzo wa mawasiliano. Nodi zilizoshikana tangu wiki iliyopita hazirudii kuulizana hali.

Na kuna hili linalonikera kuliko yote: programu inayosoma konfigi, ikakutana na neno isiyolijua, ikalipuuza kimya kimya. Umeandika jina la mpangilio ukakosea herufi moja, nodi inawaka vizuri kabisa na kutumia thamani yake ya kawaida bila kukuambia. Nani alifundisha watu adabu hii? Neno lisilojulikana liizuie nodi kuwaka. Mpangilio wa lazima ukikosekana, vivyo hivyo. Afadhali nodi iliyozima kuliko nodi inayodanganya.

Msidhani haya ni michezo ya vijana wenye laptopu. Jirani zetu wa Mukuru walitumia Sarafu, pesa za jumuiya za shirika la Grassroots Economics, kununua unga na mboga mwaka 2020 wakati wa korona, Msalaba Mwekundu wa Kenya ukishiriki. Miamala ya kipindi hicho iliandikwa kwenye mnyororo wa xDai, na baadaye Sarafu ikahamia Celo. Celo nao, tarehe 26 Machi 2025, uliacha kuwa mnyororo wa kujitegemea ukaegemea Ethereum, na wenye nodi wakalazimika kubadilisha programu na usanidi kwa pamoja. Anayeuza nyanya hajui hata moja la hayo, na hapaswi kujua. Oktoba 2025 tumepata pia sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali, na leseni zitatolewa na Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Vizuri. Mkaguzi akija kwenu, natamani baada ya kuangalia vyeti ukutani aulize: nionyesheni alama ya hashi ya usanidi wa kila nodi. Nataka nione nyuso.

Sisi kule kampuni (niliondoka mwaka uliofuata, hiyo ni hadithi nyingine) tulifanya nusu ya ninayoyadai. Sheria za mnyororo zilihamia kwenye msimbo, na nodi ilianza kulinganisha alama yake na za wenzake kila saa. Wiki ya kwanza kijana wa saiba, ambaye hakufutwa, alinipigia akiwa na wasiwasi: "Boss, hii mashine imekataa kuwaka, inasema sijui faili yangu ni ya zamani." Nilicheka peke yangu kwenye matatu mpaka kondakta akaniangalia vibaya.

Yule mama tulienda kumwombea radhi mbele ya chama chake, na karatasi za miamala mkononi. Walimrudishia mkoba. Uhazini aliendelea nao, ila alinunua daftari la mistari pale sokoni, na kila Jumamosi anaandika michango kwa kalamu kwanza, halafu ndipo anabonyeza simu. Nilimwambia sasa mfumo umerekebishwa. Akanijibu, "Sawa kijana wangu," na akaendelea kuandika.