Madai ya Fidia Yasingoje Hukumu

Ndugu wafanya kazi, sisi tupitao Syokimau kila siku hatujawasahau watu watatu. Tarehe 23 Juni 2016 walitoka katika korti ya Mavoko: wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwenda, mwendesha pikipiki, na Joseph Muiruri, dereva wa teksi aliyewachukua siku ile. Hawakufika kwao. Walitekwa, wakafungiwa katika kambi ya askari wa utawala papa hapa Syokimau, na baada ya siku chache maiti zao zikaopolewa mtoni, upande wa Ol Donyo Sabuk. Mwenda alikuwa amemshitaki askari aliyempiga risasi mwaka 2015. Muiruri hakuwamo katika ugomvi ule. Alikuwa kazini tu.

Julai 2022 Jaji Jessie Lessit aliwatia hatiani askari watatu na mpasha habari wao, na Februari 2023 akatoa adhabu, mmoja wao kifo. Tulishukuru. Lakini hesabuni miaka: sita na zaidi.

Wengi wetu hudhani kwamba muuaji akifungwa, fidia itafuata yenyewe. Sivyo. Kesi ya jinai ni ya Serikali na mshitakiwa. Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya 2014 yaruhusu korti kuamuru fidia, lakini mfungwa atalipa kwa nini? Kesi ya madai hufunguliwa na jamaa wenyewe, na siku zake hazihesabiwi tangu hukumu bali tangu kosa lilipotendeka: miezi 12 ukiidai Serikali, miaka 3 ukimdai mtu binafsi. Aliyekaa kungoja jinai iishe atakuta mlango umefungwa. Iko pia njia ya kudai haki za Katiba katika Korti Kuu, nayo haina muda maalum, ila majaji huuliza sana kwa nini umechelewa.

Tena jambo hili wachache walijua: katika madai yatosha kuonyesha kwamba maneno yako yaelekea kuwa kweli kuliko ya mwenzako. Basi hata mshitakiwa akiachiliwa katika jinai, aweza kushindwa katika madai.

Serikali hujibu kwa makosa ya mtumishi wake aliyoyatenda kazini. Lakini ukiishinda, madalali wa korti hawawezi kushika hata kiti chake kimoja. Mjane aliyekwisha pewa haki yarudi kortini tena kuomba amri ili afisa alipe! Sheria hiyo twaiona mbaya, na Bunge laweza kuibadilisha.

Liko moja lililo mikononi mwetu. Korti hupima kile marehemu alichokuwa akiwapa watu wake. Dereva wa teksi au wa pikipiki hana karatasi ya mshahara; hesabu zikikosekana, jaji aweza kushika kima cha chini cha mshahara, hata kama mtu alipata mara mbili. Kwa hiyo tuweke daftari la mapato, vitabu vya sacco na taarifa za M-Pesa, na mke au mume ajue zilipo.

Twaomba halmashauri itenge fedha za wakili katika mkutano ujao, na kila tawi lichague mtu mmoja wa kuandika tarehe ya tukio na kuwafikisha jamaa kwa wakili kabla ya mwezi kwisha.