Shahada ya wanyamapori si shahada ya magwanda

Mwambie mtu unasoma usimamizi wa wanyamapori pale SUA au Mweka, swali la kwanza ni moja: "Kwa hiyo utakuwa askari wa porini?" Mtaani sawa, watu hawajui. Kinachoudhi ni kwamba wasomi wenyewe, baada ya miaka mitatu darasani, wanaota magwanda tu. TANAPA, TAWA, Ngorongoro. Wakizikosa hizo tatu, cheti kinaingia kabatini wanasubiri tangazo jingine.

Wadau, hebu tuangalie hesabu. Mwaka 2009 Tanzania ilihesabu tembo 109,051. Mwaka 2014 walibaki 43,330. Mweka imekuwa ikifundisha tangu 1963! Askari walikuwepo, bunduki zilikuwepo, na pembe ziliendelea kutoka nchini. Yang Fenglan, yule mama wa Kichina aliyepewa jina la Malkia wa Pembe za Ndovu, hakukutwa kichakani na doria. Alikuwa mfanyabiashara hapa hapa Dar. Wapelelezi walimfuatilia, akakamatwa 2015, na mwaka 2019 akafungwa miaka 15. Kazi kama hiyo inataka mtu anayejua kufuatilia fedha na mizigo, na kuandaa ushahidi utakaosimama mahakamani. Nani anaisomea?

Halafu twende kijijini. Tembo wanaingia shambani usiku mmoja, asubuhi mahindi hakuna. Mkulima anasubiri "kifuta jasho". Aliyefiwa anasubiri "kifuta machozi". Majina yenyewe yanakiri kwamba hiyo si fidia! Wakati huo huo zipo njia zinazosaidia: kamba zilizopakwa oili chafu na pilipili, au mizinga ya nyuki iliyotundikwa kuzunguka shamba. Tembo anaogopa nyuki. Kukaa na wanakijiji mpaka uzio huo usimame na utunzwe ni kazi ya afisa wanyamapori wa wilaya, nafasi ambayo wahitimu wengi wanaiona kama adhabu.

Vyuo navyo viache kumpima mwanafunzi kwa mbio na kulenga shabaha. Mfundisheni kukaa kwenye mkutano wa kijiji na kusikiliza hasira za watu bila kukimbilia simu ya polisi. Na serikali isijitoe: ukimpeleka mhitimu wilayani bila usafiri, umemwajiri akalinde kiti.

Mkulima akishamchukia tembo, atamwonyesha jangili njia. Hapo tutaajiri askari wangapi ili watoshe?