Gini 0.38: namba hii inapima pengo gani?

Msikilizaji mmoja alitupigia simu studio akiuliza: kama takwimu zinaonyesha pengo la walionacho na wasionacho Tanzania si kubwa sana, mbona mtaani kwake kuna maghorofa upande huu na vibanda upande ule? Muda wa kipindi ulituishia, hivyo tunamjibu hapa.

Kipimo kinachotajwa zaidi ni cha Gini. Sifuri maana yake wote wako sawa. Moja maana yake mtu mmoja kachukua vyote. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa 2017/18 ulitoa 0.38 kwa Tanzania Bara. Kwa Afrika Kusini, Benki ya Dunia ilitoa 0.63 mwaka 2014.

Lakini hiyo 0.38 imetokana na matumizi ya kaya, yaani chakula, nauli, ada na kadhalika. Haielezi nani anamiliki viwanja, nyumba na akiba.

Ili kuona tofauti, tulitunga mfano tukauingiza kwenye R, programu ya takwimu inayopatikana bure. Tuseme kuna kaya tano. Kwa mwezi zinatumia shilingi 100,000, 150,000, 200,000, 250,000 na 300,000. Gini ni 0.2. Sasa tuangalie mali za kaya hizo hizo: mbili hazina kitu, ya tatu ina milioni 1, ya nne milioni 3, ya tano milioni 16. Gini inaruka hadi 0.7.

Kwenye grafu, mstari wa matumizi unakaribia ule mnyoofu wa usawa. Mstari wa mali umelala chini kabisa, halafu unapaa ghafla kwenye kaya ya mwisho.

Sababu inaeleweka. Mwenye nacho hali sahani kumi za wali kwa siku. Kinachobaki ananunua kiwanja kingine. Tena kaya za matajiri ni ngumu kufikiwa na wadodosaji, hivyo hata matumizi yao huenda yakapungua kwenye hesabu.

Kwa hiyo msikilizaji wetu hakukosea, na namba nayo si ya uongo. Kila mmoja anaangalia kitu chake. Hatari ni pale mjadala wa kodi ya ardhi na majengo unapofungwa kwa namba iliyopima chakula na nauli. Ukisikia Gini, uliza kwanza: ni ya matumizi, ya kipato au ya mali?