Joho la Kuazima

Mwenye bidhaa ya halali huitangaza kwa jina lake. Tarehe 3 Mei 1978, Gary Thuerk, mtu wa masoko wa kampuni ya Digital Equipment Corporation ya Marekani, alipowapelekea watu wapatao 400 wa mtandao wa ARPANET ilani ya kompyuta mpya wasiyoitaka, aliwaudhi wengi na akakaripiwa. Walakini jina la kampuni yake lilikuwa wazi, na aliyetaka kumlaumu alijua pa kumpata. Warithi wake wa leo hawana hata ujasiri huo: huazima joho la mwenye heshima, wakaingia nalo majumbani mwetu.

Tazama hila yao mojawapo. Laghai hutengeneza fomu katika huduma ya Google, ile ile ambayo walimu huitumia kwa mitihani na kamati za harusi kwa kuhesabu wageni. Penye kichwa cha fomu huandika tangazo lake la kamari au la dawa za nguvu, pamoja na kiungo. Huiamuru impelekee kila aliyejibu nakala ya majibu yake. Kisha huijaza yeye mwenyewe, na panapotakiwa anwani ya mjazaji hutia yako. Mara barua hukufikia, nayo imetoka kwa Google kwelikweli, ina saini ya kielektroniki isiyo na kasoro, hata kichujio cha barua taka, ambacho aghalabu humshuku kila mgeni, huipisha kwa taadhima. Saini hiyo haikusema uongo, na hapo ndipo penye fitina: imethibitisha barua imepitia kwa nani, haikuthibitisha ni nani aliyeitunga.

Kalenda nazo hazikusalimika. Mwaliko wa mkutano usiokuwako hujipachika katika siku zako hata kabla hujaufungua, na saa ikiwadia simu hulia, ukashtuka kwa kudhani umesahau miadi ya hospitali, kumbe waitwa ukapokee zawadi ambayo haipo.

Wako wanaomwondolea lawama mwenye huduma, ati kwa kuwa kilicho wazi kwa mwalimu hakiwezi kufichwa mlaghai. Siwaafiki. Mwaka 2022 Google iliweka njia ya kuzuia mialiko ya watu usiowajua isijiingize kalendani, jambo linaloonyesha kwamba kinga yawezekana. Ila mtumiaji ndiye aliyeachiwa kazi ya kuitafuta, ilhali aneemekaye kwa imani ya watu ndiye impasaye kuilinda.

Madhali hali ndiyo hii, nakusihi, ndugu msomaji, usiridhike na jina lililo juu ya barua. Soma kilichomo, ujiulize ni lini uliijaza fomu hiyo. Mwaliko usioujua usiujibu hata kwa kuukataa, kwani jibu lako laweza kumjulisha laghai kwamba anwani ina mwenyewe. Uripoti kuwa ni taka, basi. Kisha ingia katika mipangilio ya kalenda yako uiweke ile kinga, na ukimaliza, iombe na simu ya mama yako.