Tuna Moto Nyumbani, Tunauomba kwa Jirani



Nimeomba nafasi katika gazeti letu ili nitoe wazo langu juu ya esansi, mazutu na gesi. Najua wengine watasema: "Hii mambo ni ya wakubwa wa Kinshasa, inatuhusu nini sisi watoto wa Kalundu?" Inatuhusu sana. Feza ya pikipiki kutoka hapa mpaka Uvira mjini inafuata bei ya esansi. Bei ya unga na chumvi inafuata mazutu ya lori na ya mashua. Na esansi hiyo, ikiwa ya pompu au ya Kadafi mwenye chupa zake kando ya barabara, haiko ya Kongo. Inatoka ng'ambo, inapita katika inchi za majirani, ndipo inatufikia kwa ziwa au kwa barabara. Kila mmoja aliyeipitisha amekata fungu lake.

Je, ni kwa sababu inchi yetu haina? Hapana. Iko nayo.

Tuanze na Muanda, kule baharini. Mafuta yalianza kutolewa huko mwaka 1975. Mwisho wa miaka ya 1980 Zaire ilitoa karibu mapipa 30,000 kwa siku. Miaka hii ya karibuni ni kati ya 20,000 na 25,000 tu, kwa maana visima vinazeeka kama vile mtu anavyozeeka. Lakini hata hayo machache hatuyatumii. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Muanda kilijengwa katika miaka ya 1960, mbele mafuta yetu hayajaanza kutoka, na kilitengenezwa kwa mafuta mepesi ya kigeni. Mafuta yetu ni mazito. Basi yetu yakauzwa nje, na ya kusafishwa yakaletwa kutoka nje! Leo kiwanda hicho hakisafishi tena. Sehemu ya gesi inayotoka pamoja na mafuta inachomwa hewani, huku mama zetu wanatafuta makala ya kupikia.

Sasa tuje karibu. Maji ya Ruzizi, ambayo yanaingia katika Tanganyika hapa kwetu, yanatoka ziwa Kivu. Chini ya ziwa hilo, katika kina kirefu, kuna gesi ya metani iliyoyeyuka ndani ya maji, karibu mita kibi milioni elfu 60. Kuitoa si uchawi. Unateremsha bomba mpaka chini; maji yanapanda; yakifika juu yanatoa mapovu, sawa chupa ya Fanta unapoifungua. Gesi inakamatwa na kusafishwa, maji yanarudishwa chini.

Tangu 1963 kiwanda cha pombe cha Gisenyi kilipata moto wake kwa gesi hiyo. Sisi wa shule ya Kiprotestanti hatusifu pombe, lakini akili ile tuisifu. Mwaka 1975 Zaire na Rwanda zilipatana juu ya kutumia gesi hiyo pamoja. Tangu 2016 Rwanda inafanya umeme wa megawati 26 kwa gesi ya Kivu, kule Karongi. Na upande wetu? Julai 2022 Leta iliita kampuni zishindanie maeneo 3 ya gesi, na Januari 2023 washindi wakatajwa. Kisha vita ikafika Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025. Toka patano la 1975 mpaka siku hizo ni miaka 50, na upande wa Kongo hata megawati 1 ya gesi haikuwaka.

Tena gesi hii haiko kitu cha kuachwa tu. Mwaka 1986 ziwa Nyos la Kameruni lilitapika gesi yake ya kaboni usiku mmoja, watu karibu 1,700 wakafa. Kivu nayo iko na gesi ya kaboni nyingi kuliko metani. Kuitoa kunataka wenye elimu na uangalifu mkubwa. Kuisahau si usalama.

Wengine wanasemaga: "Kununua si zambi. Japani haina gesi, inanunua karibu yote, na ni tajiri." Ni kweli. Lakini Japani inalipa kwa magari na mashini iliyofanya kwa mikono yake. Sisi tunalipa kwa mawe tuliyochimba, na bei ya mawe inapangwa na mnunuzi. Bei ya esansi nayo inapangwa na muuzaji. Mtu asiyepanga bei sokoni, akienda kuuza wala akienda kununua, huyo atafanya nini?

Wengine wanasema: "Tukianza kutoa gesi, taabu imekwisha." Hapo pia tuangalie. Misri ilivumbua gesi nyingi baharini mwaka 2015, mahali panapoitwa Zohr. Mwaka 2018 ilitangaza kwamba hainunui tena gesi ya meli. Lakini kisha visima vikapungua nguvu, watu wakaongezeka, madeni ya kampuni hayakulipwa kwa wakati, na kazi ya kuchimba vipya ikachelewa. Mwaka 2023 na 2024 umeme ulikatwa kwa saa katika joto kali, na Misri ikarudi kununua gesi ya meli. Hata Uingereza, iliyojitosheleza kwa gesi ya bahari yake, tangu 2004 inanunua nje zaidi ya inavyouza. Basi kuwa na kitu ni jambo moja. Kukitunza na kutayarisha kingine mbele hakijaisha ni jambo la pili.

Sisi wa Uvira hatuhitaji kwenda Misri kujifunza hilo. Wazazi wetu walikula sukari ya Kiliba. Mwaka 1996, wakati wa vita, kiwanda kikasimama, na sukari ya wageni ikachukua nafasi yake mezani. Miwa ilikuwa yetu, udongo ulikuwa wetu. Bandari inayopokea tu bila kupakia ni mdomo bila mikono.

Katika Mathayo 25 Bwana Yesu alitoa mifano miwili inayofuatana. Wa kwanza ni wa mabikira watano waliokosa mafuta wakaenda kununua usiku; waliporudi mlango ulikuwa umefungwa. Wa pili ni wa mtumwa aliyezika talanta yake katika udongo. Mimi naona mifano hii miwili ni picha ya inchi yetu: mafuta tunakwenda kuyanunua usiku, talanta tumeizika chini ya maji.

Basi tufanye nini? Leta iko na kazi yake: amani kwanza, mapatano yanayosomwa mbele ya watu, na kiwanda kinachofaa mafuta tuliyo nayo. Lakini nasi tuko na yetu. Wengi wetu tunakimbia Hesabu na Kemia kwa sababu ni ngumu, kisha tunalia kwamba wageni wanatawala mali yetu. Nani atateremsha bomba lile katika Kivu, kama darasa la Hesabu-Fizika liko na viti vitupu? Naomba walimu wetu watufundishe habari ya gesi hii hapa hapa shuleni. Na wakati tunangoja, kila nyumba itumie mbabula ya udongo isiyokula makala mengi, na kila mwanafunzi apande mti mmoja kwenye vilima vya juu yetu. Mafuriko ya Aprili 2020 yalitushukia kutoka huko, na mti hushika udongo.

Tusipojifunza, tutakuwa wachukuzi wa bidoni za wengine hapa bandarini, na watoto wetu pia. Mimi sitaki. Na wewe?

Mwanafunzi wa Hesabu-Fizika