Usiniambie nijikaze, njoo Jumanne

Wacha niseme hii kitu leo, mkasirike mkitaka. Mtu akiniambia tena "jikaze, wewe ni mtoto wa nguvu," nitamfungia.

Mnaonifuata hapa mnajua mamangu ana saratani ya matiti. Mnajua pia mimi ni kitinda mimba, na kikao cha familia kilichukua kama dakika kumi kuamua nani atamwangalia. Kaka zangu wana kazi na mabibi. Mimi "nashinda tu kwa simu." Ati video ni kazi gani hiyo. Nikarudi nyumbani na begi moja.

Tangu hapo, kila siku 21 ni kemo. Watu hufikiri kazi ni hiyo siku ya hospitali. Hapana. Kwanza kuna kupima damu, na chembe nyeupe zikiwa chini mnarudishwa nyumbani, nauli imeliwa, mama amenyamaza njia nzima. Akiwekewa dawa, balaa huja siku ya tatu: maji yana ladha ya chuma, jirani akikaanga kitunguu tu anatapika. Usiku namshika paji la uso nikiogopa joto, kwa sababu mtu wa kemo akipata homa hiyo si ya Panadol na kungoja asubuhi, ni hospitali saa hiyo hiyo. Kwa hivyo silali. Nasinzia tu.

Sasa sikiliza kitu sijawahi kusema. Usiku mmoja alitapikia shuka mara ya tatu, nikampigia kelele. Mamangu. Akaangalia chini akasema, "Pole mwanangu." Yaani mgonjwa ndiye aliomba msamaha. Nikaenda nje kufua hizo shuka saa tisa usiku nikilia, na kuna wazo likanipitia kwamba hii kitu ingeisha tu, vyovyote vile. Siandiki zaidi ya hapo.

Nilipomwambia shangazi nimechoka, jibu lake: "Kwani yeye alichoka na wewe ukiwa mtoto?" Mnapenda sana hilo jibu. Haya, tulifuate. Nilipozaliwa, nyanya alikuja akakaa miezi miwili. Majirani walileta uji, wakafua nepi, wakachota maji. Mama mwenyewe husimulia hivyo. Hakuna aliyemwambia ajikaze halafu akapanda matatu akaenda zake. Sasa mbona deni la kijiji kizima nalipa peke yangu?

Na msinijie na habari ya pesa. Nashukuru kwa kila mia mbili iliyotumwa kwa kikundi cha WhatsApp, kweli kabisa. SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ina kiwango cha mwaka kwa nyumba nzima, na kikiisha lazima tuchange tena. Lakini M-Pesa haimgeuzi mtu kitandani. Haikai naye mimi nikienda kuoga. Mnakuja Jumapili baada ya ibada, watu wanane, napika chai, mnamwombea, mnaniachia majani ya mstafeli "ya kumaliza hiyo kitu kabisa" na vikombe vinane vya kuosha. Halafu njiani mnaambiana huyu msichana ana madharau siku hizi.

(Kuna mwenzangu wa video alinishauri nirekodi mama akinyolewa nywele. Itavuma, alisema. Nilizima simu siku mbili.)

Daktari alipotaja huduma za kupunguza maumivu, kaka mkubwa alifoka kwa simu kwamba tunampeleka mama akafe. Kaka, hizo huduma si za anayekufa peke yake. Hupewa hata mtu aliye katikati ya matibabu, na Nairobi Hospice imekuwa ikizitoa tangu 1990. Unajua nani alikuwa mtu wa kwanza kuniuliza mimi nalalaje? Nesi wa huduma kama hizo. Si wewe.

Najua mnasoma hizi posti hata kama hambonyezi kitu. Jumanne tunaenda kupima damu. Gari linatoka stejini saa kumi na moja alfajiri na nauli yako nitalipa mimi. Kaa upande wa ndani, mama hupenda dirisha.